Bwana Tutaona wa Uzi

Sisi tuliokwenda shule na kidumu cha maji mkononi na fagio begani tunajua raha ya siku ya kufunga shule. Nani aliwaza ripoti? Tulisubiri igizo. Kijijini kwetu, kati ya Mbekenyera na Likunja, wazazi waliacha hata ufuta shambani waje kumwona Bwana Tutaona, kiongozi mwenye tumbo la mto wa kulalia, koti la mitumba na faili kwapani, ambaye kila akiombwa kisima hujibu, "Tutaona." Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa kanga. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba aliyeigizwa alikuwa mwenyekiti wetu wa kijiji.

Bibi, mzaa baba, hakuwa akienda. Macho yalimwacha kabla sijazaliwa. Nilitamani mno naye amwone Bwana Tutaona, nikawa namwigizia uani. Alinisikiliza bila kucheka, kisha akaniambia nifumue sweta lake kuukuu lililonunuliwa mnadani Nachingwea. Akafuma kwa spoku mbili za baiskeli, ncha zimenolewa kwenye jiwe, vidole vikihesabu vitanzi, midomo ikinong'ona Kimwera. Siku ya tatu akanikabidhi mwanasesere wa kuenea kiganjani: tumbo, koti, faili. Bega la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia.

Habari ya bega sikumwambia. Hata mwigizaji wetu hakuliinua. Lakini mwenyekiti mwenyewe alikuwa vilevile.

Kiherehere changu kikanituma niende na mwanasesere shuleni. Kufikia mchana mwanasesere alikuwa ameshapita mikono ya kijiji kizima, na alasiri mwenyekiti akaja nyumbani amemshika. Nikajibanza nyuma ya kinu. Nilijua Bibi amekwisha, na niliyemponza ni mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa mkekani."

"Umenifuma mimi?"

"Nimemfuma Bwana Tutaona. Kwani ndiye wewe?"

Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya chini, Bibi amelijuaje bega lake na haoni.

"Mama yako alikuwa akipalilia, mimi nakubeba. Bega hilo lilinichoma mgongoni mwaka mzima."

Mwenyekiti alicheka kidogo, akapangusa macho. Akaomba apewe yule mwanasesere, akae naye. Bibi akanyoosha mkono, akamtwaa polepole.

"Tutaona," akasema.

Kisima kilichimbwa kabla mikorosho haijatoa maua tena. Siku maji yalipotoka, Bibi alinituma nimpelekee mwenyekiti mwanasesere wake.

Sasa naishi Nachingwea mjini. Nina sindano za dukani na macho mawili mazima, na kila mtu ninayemfuma anatoka kama kiazi. Binti yangu ananicheka mpaka anashika mbavu. Yeye akitaka kumsema kiongozi hahitaji uzi wala subira: anajirekodi kwa simu dakika moja, na kabla chai haijapoa wamemcheka mpaka Dar. Ni hodari, simnyimi sifa yake. Juzi nikamuuliza kama huyo anayemsema amewahi kuja kukaa mkekani kwetu.

"Mama, hata jina langu halijui."

Bibi yangu, asiyeona, alimjua wa kwake mpaka bega.