Chaki Nzima ya Mwalimu Zita

Mwalimu Theonest alikuwa mkuu wa shule kule Mabawe, na shule yote ilining'inia kiunoni mwake. Funguo za stoo, za kabati la vitabu, za banda la majembe, zote alizifunga kwa kamba moja. Hata chaki aliivunja yeye mwenyewe, akampa kila mwalimu kipande. Zita, aliyefundisha darasa la pili, alifika kazini akijikokota. Mwenzake Anatoli ndiyo usiseme: kila Jumatatu homa!

Vita vya Kagera vilipowaka, lori la mgambo lilimchukua Theonest hajamaliza hata uji wake. Alitupa funguo mezani bila kusema anamwachia nani. Walimu wakazitazama kama wameona nyoka. Nani athubutu kuzivaa zote? Basi wakaifungua ile kamba, kila mmoja akachukua wake. Anatoli akapata wa majembe, Zita wa stoo. Mambo ya wote wakayaamua pamoja, huku wakipukuchua maharage ya shamba la shule.

Hapo ndipo maajabu yalipoanza. Homa ya Jumatatu ilipona bila dawa. Zita akawa anafika umande haujakauka, tena anaimba, mpaka akajishangaa mwenyewe: kumbe kazi ni ile ile, na mshahara ni ule ule! Alimshukuru Mungu, kisha akaogopa. Vita vikiisha mkuu angerudi, na kamba ingerudi naye.

Akarudi kweli, amekonda, buti zimelika. Walimu wote wakasimama.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba."

Zita alifungua pindo la kanga, akamnyooshea ufunguo. Alihisi anaitoa furaha yake yote. Theonest aliutazama asiupokee.

"Kule mbele kamanda wetu alijeruhiwa mapema," akasema. "Nikajua tumekwisha. Lakini kila mtu alikuwa na kazi yake, akaishika. Ndiyo maana mnaniona." Akatikisa kichwa. "Kaa nao, mwalimu."

Kengele ikalia. Theonest akaelekea darasani, akafika mlangoni, akageuka. Mtu yule aliyewavunjia chaki miaka yote alinyoosha mikono yote miwili, kama mtoto anavyopokea kwa mkubwa wake.

"Mwalimu Zita, naomba chaki."

Zita akafungua stoo, akampa nzima.