Spéciose Chini ya Gari

Kamanzi alirudi nyumbani Kagarama Aprili 1991, siku ya Jumanne, akiwa amevaa koti la mtu mwingine. Walimkamata Oktoba iliyotangulia, wiki ile vita vilipoanza mpakani, pamoja na maelfu ya watu walioitwa ibyitso, yaani wasaliti wanaomsaidia adui. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Baada ya miezi sita walimwambia aende, akaenda.

Spéciose, mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alimwekea maji ya kuoga na chakula. Ndipo alipoona kwamba mumewe hawezi kushika kijiko. Walikuwa wamemfunga viwiko kwa nyuma kwa kamba, wakamwacha hivyo siku mbili, na tangu hapo vidole vyake vilikuwa vimekaa tu, vimevimba, havikunjiki. Spéciose alivuta kigoda, akaketi kando yake, akamlisha maharage mpaka sahani ikaisha.

Kabla ya hapo, mikono ile ilikuwa ndiyo Kamanzi mwenyewe. Alikuwa dereva wa wizara moja kule Kacyiru kwa miaka kumi na minne, na gari lake mwenyewe, Peugeot 504 ndefu ya mizigo na abiria, alilinunua kuukuu akalifufua kwa spana zake. Hakuna fundi aliyeligusa. Oili alibadilisha mwenyewe, Jumamosi, uani kwake, chini ya mparachichi. Sasa kazi haikuwepo tena. Wizarani walimwambia nafasi yake imejazwa, hata kwenye kiti hawakumkaribisha.

Wiki ya pili alisema, "Mama Kirezi, nataka kumwona mama."

Kirezi alikuwa binti yao, aliyekuwa shule ya bweni kusini. Mama aliyetajwa ni Nyiramana, mama mzazi wa Kamanzi, mjane aliyelima shamba lake kule Ndera. Wakati wote wa kifungo Spéciose hakuweza kumfikia, kwa kuwa kutoka komini moja, yaani wilaya, kwenda nyingine kulihitaji kibali, na mke wa mfungwa hakupewa. Habari za mwisho zilisema bibi anaumwa, amelala kitandani, hatoki nje.

"Kwa miguu huwezi," Spéciose alisema. "Na gari halijawashwa tangu Oktoba."

"Utaendesha wewe. Nilikufundisha, leseni unayo." Akatazama uani. "Lakini halitawashwa na oili ile. Ilikuwa imeshachoka hata kabla hawajanichukua. Kwanza tuimwage."

Kwa hiyo Spéciose alipanda mjini kununua kopo la oili na filta mpya. Betri aliipeleka Kicukiro kuchajiwa, akairudisha kichwani kama mtungi, watu wakimtazama. Jumamosi asubuhi akavaa suruali ya mumewe, akatandika gunia chini ya gari, akalala chali juu yake. Kamanzi alikaa kwenye kiti karibu na gurudumu, mikono mapajani.

"Unaona bakuli la chuma chini ya injini? Kwenye tumbo lake kuna nati moja, peke yake."

"Naiona."

"Weka beseni. Fungua kwa spana, na ikianza kulegea malizia kwa vidole. Usitie uso wako hapo."

Nati ililia, ikalegea. Oili ilikuwa baridi, ikatoka polepole, nyeusi kama lami. Spéciose alikaa kuitazama ikishuka. Alishangaa kwamba mtu aliyeishi na gari miaka tisa hakuwahi kujua ndani yake kuna kitu kama hicho.

Filta ndiyo iliyowashinda. Ilikuwa imeganda mahali pake. Spéciose aliizungusha kwa mikono miwili, akaivuta kwa kitambaa, ngozi ya viganja ikachubuka, nayo haikusogea hata kidogo.

"Kuna mnyororo wa kuifungulia," Kamanzi alisema. "Aliuazima Ndayisaba, mwezi wa nane."

Ndayisaba alikuwa jirani wa ua wa pili. Walibatiziana watoto. Kila mtu Kagarama alijua kwamba orodha ya watu wa kukamatwa, iliyokuwa na jina la Kamanzi, ilitoka mkononi mwake, ingawa hakuna aliyeona.

"Usiende," Kamanzi alisema.

Spéciose alikwenda vilevile alivyokuwa, oili mpaka kwenye viwiko. Mlango ulifunguliwa na Pudentienne, mke wa Ndayisaba, ambaye tangu Oktoba alikuwa akipita njia ya chini ili wasikutane kisimani.

"Habari za asubuhi, Mama Kirezi."

"Nzuri. Nimekuja kuchukua mnyororo wa filta. Wa Baba Kirezi."

Pudentienne aligeuka kutazama ndani. Sauti ya mumewe ikatoka chumbani, bila yeye mwenyewe kuonekana: "Mwambie hapa hakuna kitu cha watu."

Mnyororo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ukutani, juu ya bega la Pudentienne. Wanawake wote wawili waliuona. Pudentienne akainamisha macho, akasema kwa sauti ndogo sana, "Anasema haupo."

"Nimesikia," Spéciose alijibu, akaondoka.

Hakumweleza mumewe aliyoyaona. Alisema tu hawana. Kamanzi akatikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia jibu hilo.

"Basi chukua bisibisi kubwa na nyundo. Itoboe filta upande mpaka bisibisi itokee upande wa pili, halafu izungushe kama unafungua bomba. Itaharibika, lakini ilikuwa ya kutupwa."

Alipopiga nyundo mara ya kwanza, alisikia kiti kikianguka. Alijivuta kutoka chini ya gari. Kamanzi alikuwa amejikunja ukutani, viwiko vimebanwa mbavuni, uso umegeukia matofali. Spéciose alipiga magoti nyuma yake. Hakuthubutu kumshika kwa mikono ile michafu, kwa hiyo akaegemeza paji la uso wake mgongoni mwa mumewe, wakakaa hivyo muda mrefu.

"Ni nyundo tu," Spéciose alisema.

"Najua ni nyundo." Halafu: "Maliza. Nitaingia ndani."

Akamaliza peke yake. Alipiga taratibu, bisibisi ikatoboa, oili ikamwagika mkononi na kuingia kwenye mkono wa shati, na filta ikazunguka. Aliifuta sehemu yake, akapaka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, akaikaza kwa mkono mtupu kama alivyoelekezwa kupitia dirishani. Akarudisha nati. Akamimina oili mpya, akapima kwa kijiti, akaongeza, akapima tena. Gari likawaka mara ya tatu. Kamanzi akatoka ndani, akainamisha sikio juu ya injini, akasikiliza. "Imekubali," alisema.

Kibali walikipata wiki iliyofuata. Nyiramana walimkuta kitandani, macho yamefunikwa na ukungu. Kamanzi akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nimekuja."

Bibi akamshika mikono, akaipapasa kidole kimoja kimoja. "Baba yako yuko wapi?" akauliza. "Hamkuja pamoja?" Baba yake alikuwa kaburini miaka ishirini.

"Mama, mimi ni mzima. Sijafa."

"Walio hai hawana mikono kama hii, mwanangu," alisema kwa upole, kama anayemfariji.

Walimchukua wakakaa naye Kagarama. Alikufa Agosti, wakamzika Ndera; mpaka mwisho alimchukulia mwanawe kuwa ni mgeni kutoka kuzimu, akimpa salamu za kuwapelekea wafu wenzake. Kamanzi alikuwa akizipokea zote na kuahidi kuzifikisha.

Yeye mwenyewe alidumu hadi Februari 1993, figo zikamwishia. Alikuwa ameomba azikwe Ndera kando ya mama yake. Siku hizo hakuna dereva aliyekubali kubeba maiti kuvuka vizuizi vya barabarani, kwa hiyo Spéciose alilaza viti vya nyuma, wanaume wa jumuiya ya kanisani wakaingiza jeneza, na akaendesha yeye, Kirezi kando yake.

Kwenye kizuizi askari kijana akachungulia dirishani. "Umebeba nini?"

"Mume wangu."

"Kitambulisho chake."

"Amekufa."

"Nimesema kitambulisho chake."

Spéciose akakitoa kwenye mkoba. Askari akakifungua, akasoma kwanza mstari wa kabila kama walivyofanya wote, kisha akazunguka nyuma ya gari, akalitazama jeneza kupitia kioo, akipima kwa macho kama urefu wake unalingana na kabila lililoandikwa. Akarudi, akakitupa kitambulisho mapajani mwa Kirezi, akaenda kuilegeza kamba iliyofunga njia.