Magonjwa ya Watu Katika Faili la Mwamina

Ukitaka chumvi, jembe au mtu wa kukusaidia kulia msibani, nenda kwa Mwamina, Mama Hemedy. Huku kwetu njia ya Nkowe hakuna asiyemjua. Mtu akiingia kwake mikono mitupu hatoki hivyo hivyo, na mimi jirani yake nimemgombeza hadi nimechoka. Hata kadi yake ya bima alikuwa akiiazimisha. Picha ilishafutika, na mgonjwa utamnyimaje?

Msimu huu wa palizi jembe likamkata mguu. Nikampakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Kwenye benchi tukamkuta Penina, mke wa mmoja wa wafugaji wale waliokuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Koo lilimvimba, hata kuongea tabu. Akamwonyesha Mwamina kadi yake mpya, yenye jina lake mwenyewe. Alikuwa ameshaonwa na tabibu, nesi Rukaiya akamwita chumba cha sindano. Sisi tukaingia kwa huyo tabibu, Gidioni, naye kama Rukaiya ni mgeni wa mwaka huu.

Gidioni alikitazama kidonda, akafungua faili, akasoma.

"Mama, wewe penisilini hatukupi. Mwaka jana ulichomwa hapa ukavimba uso, pumzi ikakatika. Kidogo ufe."

"Mimi?" Mwamina akashangaa. "Mimi sijachomwa sindano tangu nimzae Hemedy."

Kisha nikamwona akikumbuka. Mwaka jana kadi alikuwa nayo Penina.

Ule mguu sijui ulipata wapi nguvu. Mwamina alikimbia damu ikichuruzika sakafuni, akausukuma mlango wa chumba cha sindano bila hodi. Penina alikuwa ameshalala kitandani, na Rukaiya kashika bomba, dawa imeshavutwa.

"Usimchome, Rukaiya. Aliyevimba ni huyu."

Rukaiya akaliweka bomba chini polepole. Nakiri nilimkasirikia Penina. Gidioni alikuja akamuuliza kwa upole kwa nini hakusema, na yaliyompata anayajua.

"Ile dawa ilitolewa kwa jina la dada Mwamina," Penina akajibu kwa sauti ya kukwaruza. "Nilijua ndiyo maana ikanikataa. Leo nimekuja na jina langu."

Hasira zikaniisha, nikabaki na hofu tupu.

Gidioni hakuchana karatasi. Alipiga mstari mmoja juu ya maneno yale, yakabaki yanasomeka, akaandika pembeni kwamba si ya mwenye faili, akatia tarehe na saini. Yaleyale akayahamishia kwenye faili la Penina kwa wino mwekundu, akampa dawa nyingine ya vidonge. Ndipo akamgeukia Mwamina.

"Nani mwingine aliitumia kadi hii?"

Mwamina akaanza kutaja. Presha ilikuwa ya shangazi yake wa Naipingo. Pumu ya jirani yetu Moza. Kisukari cha shemeji yake, Ismaily. Kila akitaja, kalamu inapita, mpaka ukurasa wa mwisho. Faili zima lenye jina lake, humo ndani hapakuwa na ugonjwa wake hata mmoja. Na wenye magonjwa walikuwa mashambani huko, wanalima, mafaili yao hayana kitu.

Rukaiya akaja na bandeji. Mwamina akauvuta mguu.

"Nipeleke kwanza kwa hao wote, waje waandikwe kwenye mafaili yao," akaniambia.