Hasi Kumi na Moja

Mwalimu Shida Hiza hakasiriki kama watu wengine. Wengine hupandisha sauti, wakaishusha, kisha wakaenda kunywa chai. Yeye hukasirika hatua kwa hatua, kama anavyotaka hesabu ifanywe, na haruki hatua hata moja. Nimeionja hasira hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi wake. Mara ya pili ni mwaka huu, nikiwa na miaka thelathini na moja, mwalimu mwenzake. Ya pili niliistahili, na ninaandika haya nikiwa bado nimekasirika, nusu ya hasira yenyewe ikiwa juu yangu.

Alizaliwa kijijini Handeni, mwaka ambao mahindi yalikaukia shambani, na jina alilopewa linajieleza. Baba yake alikuwa mkulima mdogo, wa jembe la mkono. Kuhusu shule aliyosoma huwa hasemi mengi, ila nimewahi kumsikia akimwambia mgeni mmoja kutoka wilayani: "Tulianza wasichana tisa, tukamaliza wawili. Wale saba hawakuwa wajinga. Walikuwa mbali." Mgeni akacheka, akidhani ni utani. Madam hakucheka.

Leo ana miaka hamsini na sita, mjane, anaishi Kilole mjini Korogwe na mbuzi wake wanne. Kila asubuhi hupanda basi dogo kuja kwetu, shule ya kata iliyo kando ya barabara kuu, katikati ya Korogwe na Mombo. Chaki huja nayo mwenyewe kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa sababu za shule hukatika. Amefundisha hesabu miaka thelathini. Mara tatu walitaka kumpa cheo cha taaluma, mara tatu akakataa. Anasema cheo kinamtoa mtu darasani na kumfundisha kusema "tutalifanyia kazi".

Barabara yetu ina vibao vya kilomita, na watu wa huku ndivyo wanavyotajiana makazi. Mtu hasemi anakaa kitongoji gani, atakwambia, "Mimi kibao cha thelathini na mbili." Vyote vinahesabiwa kuanzia Korogwe. Shule yetu iko kibao cha ishirini na nane. Kwa hiyo mtu akitaja namba ndogo, sikio la mtu wa hapa linasikia "karibu", maana ni karibu na mjini, kwenye soko, hospitali na stendi. Sikio langu ni la hapa.

Mwaka jana wazazi walijenga hosteli ya wasichana, vitanda arobaini. Kila kaya ilifyatua tofali mia tatu na kuzichoma, kuanzia wa upande wa Mombo hadi wa upande wa Korogwe, bila ubaguzi. Kamati ikaweka sharti likabandikwa ubaoni: kitanda ni cha anayekaa zaidi ya kilomita saba kutoka shuleni. Kazi ya kupanga majina nikapewa mimi, Mwalimu Abdi wa jiografia, kwa sababu ndiye ninayejua kompyuta.

Nilifanya hivi. Kila msichana aliandika kibao cha nyumbani kwao. Nikaiambia kompyuta ichukue kibao hicho, itoe ishirini na nane, na jibu likizidi saba iandike APEWE. Lisipozidi, iandike HAPANA. Anayekaa kibao cha thelathini na saba alitoka na tisa: APEWE. Anayekaa kibao cha kumi na saba alitoka na hasi kumi na moja. Hasi kumi na moja haizidi saba, kwa hiyo HAPANA. Hizo hasi niliziona kwa macho yangu mawili. Nikajisemea, hawa ni wa upande wa mjini, wako karibu. Nikachapa orodha, nikaenda kula.

Walipata ishirini na wanne, wote wa upande wa Mombo. Vikabaki vitanda kumi na sita. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Clinton, akaniletea karatasi yenye majina kumi na sita niyaongeze. Nilijua ni watoto wa nani. Wengine wao unaweza kuwaita kutoka getini wakaitika wakiwa jikoni kwao. Niliyaongeza, na sikuuliza swali.

Husna anakaa kibao cha kumi na saba na babu yake, Mzee Sadala. Yuko kidato cha pili. Tangu shule ifunguliwe Januari alikuwa akitembea kilomita kumi na moja kuja na kumi na moja kurudi, kwa sababu makonda wa barabara ile hawapendi nauli ya mwanafunzi, wakiona sare wanamwambia dereva akanyage mafuta. Mara kadhaa Madam Shida alimwona kupitia dirisha la basi, akagombana na konda hadi basi likasimama. Siku ambazo basi lilikuwa limejaa, lilimpita. Madam alidhani vitanda vimekwisha. Wote tulidhani kitu fulani.

Wiki ya nne Mzee Sadala alikuja shuleni. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

"Mwalimu, huyu mtoto analala akila," aliniambia. "Na juzi dereva wa lori amemsimamishia, anamwambia panda, binti, nikufikishe. Mimi ni mtu mzima, najua hizo safari zinavyoishia. Ikifika Ijumaa hana kitanda, namtoa. Akae nyumbani nimwone."

Nikamjibu kwamba tutalifanyia kazi. Mdomo wangu huu.

Jumanne Madam alikuwa na kidato cha pili. Mimi nilikuwa ofisini, ukuta mmoja tu kutoka darasani, na sauti ya Madam haijui ukuta. Alikuwa anafundisha zile hesabu za kutolingana zenye vistari viwili vya kusimama, vinavyoifungia namba ndani na kutaka ukubwa wake tu, bila kujali ni chanya au hasi. Yeye hafundishi kwa kitabu. Alichora barabara ubaoni, sifuri Korogwe, ishirini na nane shuleni. Akaandika x toa ishirini na nane katikati ya vile vistari, halafu alama ya kuzidi, halafu saba.

"Hili ni sharti la hosteli yenu, lile lililoko ubao wa matangazo," alisema. "Nitajieni vibao vyote vinavyostahili."

Ikram, ambaye ndiye kinara wa darasa, akajibu upesi: "x inazidi thelathini na tano, madam."

"Vistari umevitupa wapi?"

"Nimevitoa, madam."

"Umevitoa kama maganda ya ndizi! Vile ni umbali. Umbali hauulizi unaelekea Mombo au unaelekea Korogwe. Umewahi kuona mguu unaochoka upande mmoja wa barabara tu?"

Darasa likacheka. Kisha nikasikia sauti nyingine, nzito ya usingizi. Ilikuwa ya Husna.

"Na sisi je, madam? Mimi nakaa kumi na saba."

"Enhe! Njoo uandike."

Nikasikia chaki. Alikuwa akisoma kwa sauti huku anaandika: x toa ishirini na nane inazidi saba, kwa hiyo x inazidi thelathini na tano, au x toa ishirini na nane ni ndogo kuliko hasi saba, kwa hiyo x ni ndogo kuliko ishirini na moja. Mmoja akapendekeza aziunganishe, aandike mstari mmoja kwamba x iko kati ya hizo mbili. Madam akamrukia: nani huyo anayekaa mbele ya thelathini na tano na nyuma ya ishirini na moja kwa wakati mmoja, ana nyumba mbili? Ni "au", si "na".

Halafu nikamsikia akifunga kopo lake la chaki. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini, na mimi niliyesoma kwake nikajua mambo yameharibika.

"Husna, una kitanda?"

"Sina, madam."

"Nani mwingine anakaa chini ya ishirini na moja? Nyoosheni mikono. Watatu. Mna vitanda?"

"Hatuna, madam."

Mlango wangu haukugongwa. "Fungua hiyo mashine," Madam alisema. Nikafungua. Akavaa miwani, akafuata mstari wa Husna kwa kidole.

"Hii nini?"

"Hasi kumi na moja, madam." Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi na minne.

"Hasi kumi na moja. Kwa hiyo Husna anatembea kinyumenyume? Anafika shuleni kabla hajatoka kwao?"

"Nilisahau madam, ile alama ya vistari..."

"Hukusahau! Nilikufundisha mimi, ukapata tisini na mbili kwa mia. Uliijua ilipokuwa na maksi. Ilipokuwa na mtoto ukaitupa." Akamalizia kwa Kizigua, maneno ambayo sitayaandika. Mama yangu ni Mzigua pia, niliyaelewa yote.

Tukaenda kwa Mkuu. Mwalimu Clinton alisikiliza akizungusha kalamu. Akasema kosa ni la kibinadamu, lakini orodha imeshabandikwa, nakala imeshakwenda wilayani, watoto wameshatandika. Muhula ujao tutarekebisha.

"Ijumaa babu yake anamtoa," Madam akasema.

"Sasa mimi nimzuie mzee wa watu?"

Nimefanya kazi na mtu huyu miaka sita. Najua lile tabasamu lake la kufunga mazungumzo. Nilitamani kuichukua ile kalamu niivunje, lakini mimi ndiye niliyemchapia yale majina kumi na sita. Usiku mzima nilijisikia mchafu.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha wazazi, kilichoitishwa zamani kwa ajili ya chakula cha mchana. Madam aliomba dakika tano. Hakutoa hotuba. Alichora ile barabara yake, akamgeukia Mzee Sadala.

"Shikamoo, mzee. Kutoka kwako hadi hapa ni kilomita ngapi?"

"Kumi na moja. Nimekuja kwa baiskeli, magoti ni shahidi."

"Kwenye orodha ya shule hii, mzee, wewe unakaa hasi kumi na moja. Chini ya sifuri. Yule anayekaa hapo getini anakuzidi umbali."

Watu wakacheka kwanza. Akawaeleza taratibu, kwa vibao, bila alama hata moja ya hesabu: kila aliyeko mbele ya shule amehesabiwa, kila aliyeko nyuma amefanywa kama hayupo. Kisha akasoma vibao vya wale kumi na sita. Ishirini na tisa. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Kicheko kikakatika.

Mkuu akasimama. "Wazazi wangu, hili tutalifanyia kazi muhula..."

"Kaa chini," akasema Mzee Sadala. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia Mkuu hivyo. "Mimi nimefyatua tofali mia tatu. Wakati wa tofali hamkuniambia nakaa chini ya sifuri. Sasa kama mjukuu wangu hana nafasi humo ndani, mimi nazing'oa, naanza na ukuta wa kusini. Mia tatu zangu, sizidishi hata moja. Nani mwenzangu?"

Wakainuka wa upande wa Korogwe, kaya baada ya kaya, akina mama wakifunga khanga kiunoni. Hakuna aliyekuwa anatania. Mama mmoja alikuwa ameshauliza sururu ziko wapi. Mwalimu Clinton akaangalia huku na huku, kalamu ikamponyoka. Kabla ya adhuhuri nilikuwa mbele ya kompyuta nikiandika upya, naye amesimama nyuma yangu akisema kwa upole mkubwa kwamba yeye siku zote alikuwa tayari kurekebisha. Wakatoka kumi na mmoja wa karibu, wakaingia kumi na mmoja wa chini ya ishirini na moja. Jioni ile Husna alibeba godoro lake mwenyewe kichwani hadi kitanda namba tatu. Mzee Sadala alikisukuma kitanda kwa kiganja aone kama kinayumba, akaondoka bila kuniaga.

Nilidhani yamekwisha. Ijumaa asubuhi Madam akaniita niende darasani kwake. Alikuwa amewaita wale wasichana walioandikiwa vitanda jana yake, wa vidato vyote, amewasimamisha mbele. Ubaoni kulikuwa na swali lilelile.

"Mwalimu Abdi atatufanyia," alisema, akanipa chaki kutoka kopo lake.

Nikafanya. Nikaandika x inazidi thelathini na tano. Nikaandika au. Nikaandika x ni ndogo kuliko ishirini na moja. 

"Sahihi. Sasa waambie walio chini ya ishirini na moja ni akina nani. Majina, si vibao."

Nikatoa orodha mfukoni nikaanza kuita. Kila mmoja akaitika. Husna Sadala, nipo. Munira, nipo. Fatu, nipo. Grasiana, nipo. Nilipofika jina la mwisho, Amne Sabiri wa kidato cha tatu, hakuna aliyeitika. Nikaita tena.

"Hayupo, mwalimu," akasema Husna. "Yeye ni kibao cha kumi na tano, tulikuwa tunatembea wote. Alichoka. Wiki iliyopita wamempeleka Handeni kwa shangazi yake, anauza chai stendi."

Nilihesabu waliosimama. Kumi. Kitanda cha kumi na moja nilikuwa nimekiandikia jina jana yake, na sikuwa nimekwenda kuangalia kama kuna mtu amelala juu yake.

Nilimtazama Madam nikingoja kelele. Ningezipokea kwa furaha. Aliondoa miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena.

"Kesho Jumamosi," alisema. "Basi la Handeni linatoka Korogwe saa moja asubuhi. Tutakwenda wawili. Shangazi yake nitazungumza naye mimi. Amne utazungumza naye wewe. Mwambie ulidhani anakaa karibu."