Salamu za Siku ya Ubingwa

Mzee niliyekuwa nikimhudumia mtaani Acocks Green alikuwa Mmarekani aliyeletwa Birmingham, Uingereza, na mapenzi. Mkewe akafariki, akabaki na besiboli yake. Macho yalikuwa hayamsaidii tena, na mechi za kwao huchezwa wakati sisi tumelala, kwa hiyo kila asubuhi nilimletea matokeo niliyoyasoma kwenye simu ndani ya basi. Mchezo wenyewe sikuuelewa hata chembe. Nilichojua ni kwamba timu tatu zilikuwa zinang'ang'ania ubingwa mmoja, leo hii juu, kesho ile, na ya kwao ilikuwa mojawapo.

Tangu aanguke jikoni alikataa kutembea. Binti yake alikuwa amesema wazi: asipoweza kufika mlangoni mwenyewe, atahamia nyumba ya wazee. Naye mzee, kwa ukaidi ulionichosha roho, akajibu, "Timu yangu ikichukua ubingwa, nitatembea." Nilimkasirikia. Kisha nikaanza kuiombea timu kanisani, mimi nisiyejua hata pointi zinapatikanaje.

Sasa, kwetu habari mbaya haitupwi mlangoni. Unamsalimu mtu kwanza, unauliza usingizi, goti, chai, ndipo unaifikisha. Timu ikifungwa nilifanya hivyo. Ikishinda nilitangaza nikiwa bado navua koti. Mzee aliijua tabia yangu mapema. Nikiuliza tu amelalaje, alijifunika blanketi usoni.

Asubuhi ya matokeo ya mwisho nilimkuta binti chumbani, fomu mkononi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyu alikuja kumhamisha mwenyeji. Hata hivyo, ningempitaje mgeni bila salamu? Nikamuuliza habari za safari, za watoto, za baridi ya huko kwake.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya fremu yake ya kutembelea. Akaiachia.

"Basi," akamwambia binti, "nipeleke unakotaka."

"Mmeshinda!" nikapiga kelele. "Mabingwa ni nyinyi! Nilikuwa namsalimu mgeni tu, jamani!"

Akanigeukia kwa hasira, kisha akacheka hadi akakohoa. Akaishika fremu tena, akainuka. Alikwenda polepole mno, miguu ikitetemeka, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Binti alizirudisha fomu mkobani huku machozi yakimtoka.

Pale mlangoni, akiwa bado amesimama, mzee akaninyooshea mkono.

"Haya," akasema. "Sasa nisalimie."