Mama Chenga na Ndoo za Kijivu

Kiwandani walimwita Mama Chenga, na hakuna aliyejisumbua tena kukumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Alisimamia mashine ya kusaga. Ndoo iliyotoka na tundu, kiti kilichotoka na kilema cha mguu, vipande vilivyokatwa kingoni, vyote alivitumbukiza humo, mashine ikanguruma kama inamtukana mtu, kisha ikatema chenga za plastiki. Chenga hizo ziliyeyushwa upya na kufanywa ndoo. Mashine yenyewe ilikuwa ya majaribio tu. Kabla haijaja, mabaki yote yalipakiwa kwenye lori yakaenda kumwagwa jaani.

Na jaa hilo lilikuwa na jirani: dada yake Mama Chenga, mkubwa wake wa tumbo moja, mjane mwenye ulimi usiolala. Alipojenga, jaa lilikuwa mbali huko. Mwaka hadi mwaka likamsogelea, hadi moshi wa plastiki ukawa unaingia jikoni kwake bila hodi. Tangu lori la kiwanda lisimame alikuwa ameanza kulala bila kukohoa.

"Mdogo wangu," alimwambia, "siku lori hilo likirudi, mimi nahamia kwa kaka."

Ajabu ya maneno hayo ni kwamba dada huyo na kaka yao hawapikiki chungu kimoja tangu utotoni. Ukimwona anataja kwa kaka, ujue amefika mwisho. Mama Chenga hakupenda hata kuwaza dada yake akizeekea kwenye chumba cha kuazimwa, akipimiwa maneno, ilhali nyumba aliyoijenga kwa jasho lake inaliwa na taka.

Sasa siku ya kuamua ilikuwa imefika, na dada alijua. Mnunuzi wa jumla alikuja kuzijaribu ndoo za chenga. Akizikubali, mashine inabaki. Akizikataa, mashine inauzwa na lori linarudi barabarani.

Mnunuzi alikuwa mama wa makamo, mchache wa maneno. Alijaza ndoo ya bluu maji pomoni, akapanda nayo ngazi za stoo, akaiachia. Ilipasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, maji yakamlowesha suruali nzima fundi mkuu wa kiwanda aliyesimama chini. Akaijaribu nyingine. Nayo ikapasuka vilevile.

"Hizi ni ndoo au mayai?" aliuliza.

Mama Chenga aliinama, akaokota kipande, akakikunja. Kikafanya weupe pale kwenye mkunjo, kikakatika. Plastiki ya ndoo haina tabia hiyo. Ya viti ndiyo yenye ukaidi huo. Hapo akaelewa.

Kiwanda kile kizima kiliongea kwa rangi. Leo tunapiga bluu, nyekundu imeisha, nani kamwaga kijani: hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kutwa. Basi Mama Chenga alipoambiwa achambue mabaki, alichambua rangi, tena kwa madaha. Bluu kwa bluu, nyekundu kwa nyekundu, mapipa yakapendeza utadhani duka la vitenge. Kumbe bluu ya ndoo ni laini na bluu ya kiti ni ngumu, na ukiziyeyusha pamoja haziivani hata kidogo. Watu wote wale, na miaka yote ile kwenye plastiki, hakuna aliyeliona!

"Fundi," alisema, "kosa ni langu. Nimesaga viti pamoja na ndoo. Nilifuata rangi."

Fundi mkuu alimtazama, akayatazama mapipa, akajishika kichwa. "Na mapipa hayo nani kayapaka rangi? Si mimi? Mama, hapa tumelala usingizi mmoja." Akakamua suruali yake. "Chenga zilizochanganyika tutafanyia vyungu vya maua, vinene, havina wa kuvibeba. Ndoo mbovu ambazo hazijasagwa zipo?"

"Zimejaa stoo, pamoja na viti na vipande."

Fundi akamgeukia mnunuzi. "Mama, tunaomba utuvumilie hadi alasiri."

"Nitavumilia," alisema mnunuzi, "lakini nitavumilia na chai."

Mama Chenga aliingia stoo mbiombio. Kila kitu alikibonyeza kwa kidole gumba. Kilichobonyea kikaenda kusagwa, kilichokaza akakitupa pembeni, rangi hakuitazama. Mikono ikapata michubuko, na moyoni alikuwa anaomba, anaogopa, anaomba tena. Nyekundu, kijani na bluu zikasagika pamoja, na ndoo zilizotoka zilikuwa za kijivu kisichoeleweka.

Mnunuzi aliitazama ndoo ile kwa huruma. "Jamani, sura hii." Akaijaza, akapanda ngazi, akaiachia.

Ikadunda. Ikabingirika hadi mlangoni, nzima. Akaidondosha tena, nzima. Akachukua nyingine, akaidondosha kwa nguvu kama ana kisasi nayo. Nzima.

"Mbaya wa sura, mgumu wa roho," alisema. "Leteni hizi hizi. Watu wangu wanachota maji, hawaendi nazo harusini."

Watu walipiga kelele. Mama Chenga hakuweza. Alikaa chini palepale kwenye maji yaliyomwagika, mzigo ukamtoka kifuani, akalia bila aibu. Kisha akapiga simu.

"Dada, lori halirudi."

"Una hakika?"

"Ndoo zimekubaliwa. Mashine inabaki. Halirudi, dada."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu, ya mtu aliyeibana tangu asubuhi. Halafu ulimi ukarudi kazini.

"Sasa ndiyo unapiga saa hizi, we mtoto? Mizigo yote nimeshafunga, sufuria ziko chini kabisa ya gunia! Nitapika na nini?"

"Zifungue," alisema Mama Chenga, akicheka huku anajifuta machozi. "Nakuja kula."