Kichupa Cheupe

Jumatatu nilikuwa hospitali, kwenye dirisha la kupimia damu. Mbele yangu alikuwepo bwana mmoja wa Mji Mkongwe, kanzu imepigwa pasi, tumbo limemtangulia. Mpimaji akainua kichupa kwenye mwanga. Chini mlikuwa na wekundu, juu maji meupe mazito.

“Tui la nani hilo?” akacheka yule bwana.

“Si tui, mzee. Ni damu yako, imejaa mafuta. Asubuhi umekula nini?”

“Nimefunga. Hata daku sikula.”

Mpimaji akakiweka kichupa taratibu. “Basi si chakula cha leo. Muone daktari leo hii. Mafuta haya huziba mishipa ya moyo.”

Kicheko kikamkauka. “Kaka yangu alianguka harusini, yuko kwenye sinia la pilau, akafa palepale. Sote tukasema ni kijicho.”

“Anayefuata!”

Nilikuwa nimeshakunja mkono wa kanzu. Nikaukunjua, nikasema nimesahau jambo nyumbani. Nyinyi wasomaji wa safu yangu mnaonisifu kuwa siogopi mtu, jueni kwamba nimekimbia kichupa.

Nyumbani nikakuta mchuzi wa nazi. Nikaumaliza wote, mkono wa kushoto nimeuweka kifuani.